Kuhisi kwa Mbali, au Kutambua?

Mfugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, aliyekata bima ya mifugo mwaka 2010 hakutakiwa kumwonyesha wakala mzoga hata mmoja. Bima hiyo, iliyobuniwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ya Nairobi pamoja na washirika wake, haikuhesabu ng'ombe waliokufa. Ilisoma picha za setilaiti, ikapima ukijani wa malisho ya eneo zima na kukadiria vifo kutokana na ukavu wake. Makadirio yalipovuka asilimia 15, mwenye bima alilipwa. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011, baada ya ukame mkali.

Teknolojia iliyowezesha hayo ina majina mawili katika Kiswahili. Wapo wanaoiita utambuzi wa mbali, na wapo wanaosema kuhisi kwa mbali. La kwanza lina mvuto, maana linasikika la kitaalamu. Hata hivyo mimi nashikilia la pili, na sababu yangu imo katika namna chombo chenyewe kinavyofanya kazi.

Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, kisha huakisi kwa wingi mionzi ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni. Setilaiti hupima vyote viwili. Tuseme malisho mazuri yameakisi asilimia 50 ya infraredi na asilimia 10 ya mwanga mwekundu. Toa 10 katika 50, upate 40. Jumlisha hizo mbili, upate 60. Gawanya 40 kwa 60. Jibu ni kama 0.67. Udongo mtupu ulioakisi asilimia 30 na 25 utatoa 0.09 tu. Namba hii inafaa kuitwa fahirisi ya uoto, kwa kuwa neno fahirisi tumeshalizoea katika fahirisi ya bei, ile inayotangazwa na ofisi za takwimu.

Sasa utazame mathenge, mti wa kigeni uliovamia Baringo na Turkana. Kiangazi kinapochoma nyasi zote, mathenge hubaki kijani. Setilaiti ikipita juu yake inapokea infraredi nyingi na fahirisi inapanda, ilhali ng'ombe aliye chini hana nyasi ya kutia mdomoni. Chombo hakijakosea: kimepima ukijani, na ukijani upo. Kitu ambacho hakikujua ni kama ukijani huo unalika. Kutambua mathenge ni mathenge na nyasi ni nyasi ni kazi ya mtu anayeijua nchi, au ya programu iliyofundishwa kwa sampuli zilizokusanywa na mtu kama huyo. Ndiyo maana neno utambuzi linakipa chombo sifa isiyo yake. Kuhisi kuna shaka ndani yake. Anayehisi bado hajathibitisha. Kwa mfugaji anayesubiri malipo, shaka hiyo ina uzito wa fedha.

Wabunifu wa bima nao walijisogeza upande huo. Matoleo ya baadaye yaliacha kukadiria vifo, yakaanza kulipia upungufu wa malisho wenyewe, mapema, ili mwenye mifugo anunue chakula, maji na dawa wanyama wangali hai.

Ndugu wa teknolojia hii, Mfumo wa Taarifa za Kijiografia, hana ugomvi wa jina. Ni mfumo kweli, na kazi yake ni kuweka ramani moja juu ya nyingine, kila moja kama tabaka: mipaka ya kata, visima, njia za mifugo, fahirisi ya uoto. Wachache wanajua kwamba wazo lake linagusa Kenya. Mwaka 1960 Roger Tomlinson, mtaalamu wa ramani aliyefanya kazi na kampuni moja ya Ottawa, alihusika na mradi wa kutafuta maeneo ya kupanda misitu nchini Kenya. Kulinganisha ramani zote kwa mkono kulionekana kungegharimu mno, na kazi ikakwama. Tomlinson akaanza kuwaza kompyuta, na katika miaka hiyohiyo ya 1960 akaijengea serikali ya Kanada mfumo wa kwanza wa aina hiyo.

Matabaka ya mfumo wa aina hii si lazima yote yatoke angani. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 ulitumia picha za droni katika kata zinazofurika. Picha zilionyesha mapaa na barabara vizuri sana. Lakini mtaro upi umeziba, na maji yalifika magotini au kiunoni, hayo yalihitaji wanafunzi wa vyuo na wakazi kupita mtaa kwa mtaa, kupima na kuuliza wenye nyumba, kisha kuyaingiza majibu kwenye ramani kama tabaka jingine juu ya picha.