Kufuli Tatu za Mbagala na Ukimya wa Unix

Mbagala, wilayani Temeke, kikao cha kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, hakianzi kwa kupokea hisa. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo wanazo wanachama watatu ambao si mwenyekiti wala mhazini. Katibu anauliza kwanza: mfuko wa jamii ulibaki na shilingi ngapi? Wanachama wanajibu, kisha fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Hesabu isipolingana, mkopo hautoki.

Vijana wanaotunza seva za wingu kule Tegeta na Kijitonyama wamerithi mila nyingine, ya Unix, iliyozaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969. Huko amri ikifanikiwa hunyamaza. Ni adabu nzuri mtu akiwa mbele ya kioo. Lakini skripti ya nakala rudufu inayoamshwa saa nane usiku na cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, haina wa kuitazama, na ikilalamika, barua yake huishia ndani ya seva, kwenye kisanduku ambacho aghalabu hakifunguliwi.

Tazama kosa moja la kawaida. Skripti inatoa data kwenye hifadhidata na kuipitisha papo hapo kwa gzip, programu ya kubana faili. Nenosiri limebadilishwa, data haikutoka hata chembe, ila gzip imebana utupu bila tatizo. Bash, inayoendesha skripti hiyo, isipoelekezwa vingine huangalia amri ya mwisho tu, kwa hiyo inaripoti salama. Kila asubuhi kuna faili jipya, la baiti 20. Kuwasha pipefail, ili kushindwa kwa amri yoyote katika mnyororo huo kuonekane, ni mstari mmoja, wangapi huuandika?

Wakubwa nao yamewakuta. Tarehe 28 Februari 2017 mhandisi wa Amazon alikusudia kuondoa seva chache za S3, huduma yao ya kuhifadhi data, akakosea kuandika amri, zikaondoka nyingi. Huduma ikayumba kwa takriban saa nne. Ndipo Amazon wakakiwekea kikomo chombo kilichotumika kuondoa seva hizo. Vikoba vingi vina kikomo ndani ya katiba tangu siku ya kwanza: hukopi zaidi ya mara tatu ya hisa zako, hata ulie.

Kikoba ni cha polepole, hilo halina ubishi, na hakiwezi kufanya kazi watu wamelala. Hata hivyo, kwenye uaminifu nakipa ushindi. Wewe mwenye kazi za usiku, skripti yako ihesabu kilichopo kabla ya kugusa chochote, na itume ujumbe hata ikifaulu. Asubuhi usipouona, fungua seva kabla ya chai.