Koo Lako Halina Makosa, Tembe Ndiyo Imesumbua Tangu Kitambo

Wasee, tuache kucheka mtu mzima akishindwa kumeza dawa. Maji glasi tatu zimeisha, tembe bado iko kwa ulimi imeanza kuyeyuka, uchungu umejaa mdomo, na kuna mtu hapo kando anasema, "Si umeze tu!" Kwani ni rahisi hivyo?

Tangu utotoni umefunzwa kutafuna kwanza ndio umeze. Halafu unapewa kitu kigumu unaambiwa kipite kizima. Koo kazi yake moja ni kulinda njia ya hewa, kwa hivyo likishtuka linakaza na kurudisha hicho kitu. Ukiwa na wasiwasi, mdomo unakauka na inakuwa mbaya zaidi. Huo si utoto.

Na hii vita ni ya kitambo. Wamisri wa kale, miaka zaidi ya 3,000 iliyopita, walichanganya dawa na asali na unga wa mkate, wakaviringa vidonge. Baadaye wenye pesa walimeza vidonge vilivyopakwa dhahabu au fedha, ndio ulimi usionje kilicho ndani. Mwaka wa 1834 huko Paris, Mothes na Dublanc wakasajili kapsuli ya jelatini, juu kulikuwa na dawa zenye ladha mbaya kupita kiasi. Mwaka wa 1843 Mwingereza William Brockedon, ambaye alikuwa mchoraji, akasajili njia ya kugandamiza unga wa dawa kwa mashine. Tembe za leo zimetoka hapo.

Umeona mtindo? Koo la binadamu halijabadilika. Ni dawa ndiyo imekuwa ikibadilishwa ili ipite.

Hapa Kenya hii si stori ya kuchekesha. Kwa miaka, watoto wengi wenye virusi vya Ukimwi walipewa dawa ya maji chungu ajabu, yenye pombe ndani, na ya kuwekwa kwa friji. Mtoto akitema, mzazi afanye nini? Na dozi zikirukwa, virusi vinaweza kuzoea dawa. Mwaka wa 2021 Kenya ikawa kati ya nchi za kwanza kupata dolutegravir ya watoto: tembe inayoyeyuka kwa maji, yenye ladha ya stroberi. Hakuna aliyewaambia hao watoto wajikaze. Walitengenezewa dawa inayomezeka.

Kwa hivyo na wewe usitupe dozi kimyakimya ukijifanya umepona. Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha mbinu mbili mwaka wa 2014. Tembe: iweke kwa ulimi, funga midomo kwa chupa laini ya plastiki, nyonya maji umeze. Kapsuli: inaelea, kwa hivyo piga funda la maji, inamisha kichwa mbele, kidevu kielekee kifuani, kisha meza.

Ikikataa, uliza kwa chemisti kama kuna ya maji. Usiisage bila kuuliza, kuna zile zimeundwa zitoke polepole mwilini na ukizivunja unapata dozi yote kwa mpigo. Na kama hata ugali unakwama, hiyo si tembe tena, muone daktari.

Kuuliza si aibu. Kuacha dawa ndiyo hatari.