Pikipiki za barabara ya Shasha: springi inabeba, mafuta yanatuliza

SHASHA, MASISI – Barabara ya taifa namba 2 inatoka Goma, inapita Sake, inafika Shasha, kisha inaendelea Bweremana na Minova kuelekea Bukavu. Upande mmoja ni Ziwa Kivu, upande mwingine milima ya Masisi. Wagonjwa, akina mama wajawazito, magunia ya maharage na jibini ya Masisi vimepita hapa miaka mingi juu ya pikipiki. Februari 2024 mapigano yalipofika Shasha na njia ya Sake–Minova ikakatika, pikipiki zilibeba pia familia zilizokimbia, watoto na magodoro nyuma ya motari mmoja.

Katika safari kama hizo, kuna kipande kinachoamua abiria atafika katika hali gani: amortiseri, ambayo majirani wa Tanzania huiita shokapu. Historia yake inaeleza kwa nini pikipiki za njia hii zimeundwa jinsi zilivyo, na ipi inafaa kwa kazi ipi.

Kivu inajua vizuri chombo kisicho na amortiseri. Ni chukudu, ambayo sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama mjini Goma tangu 2009. Chukudu ni mbao, na magurudumu yake ni mbao iliyovishwa mpira. Inashusha viazi na makaa kutoka milimani bila shida, lakini kila jiwe linalogongwa na gurudumu linapanda moja kwa moja hadi kwenye mikono ya mwenye kuiendesha. Pikipiki nayo ilianza hivyo hivyo. Ile ambayo Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliitengeneza Ujerumani mwaka 1885 ilikuwa na fremu ya mbao na magurudumu ya mbao yaliyozungushiwa chuma.

Watengenezaji walianza kutafuta springi. Mwaka 1913 kampuni ya Indian ya Marekani iliweka nyuma springi za vyuma bapa vilivyopangwa kwa tabaka, mfano wa zile zilizo chini ya lori. Mzigo ulibebwa, lakini tatizo jipya likaonekana. Springi iliyobonyea hurudi juu kwa nguvu, kisha hushuka tena, na pikipiki inaendelea kuruka hata baada ya shimo kupita. Gurudumu linalorukaruka halishiki barabara, na breki yake haina kazi.

Jibu lilikuwa mafuta. Mwaka 1935 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki ya R12, yenye furshi ya mabomba mawili yanayoingiliana. Ndani yake kulikuwa na springi pamoja na mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo. Springi ilibeba, mafuta yakapunguza mwendo wa kupanda na kushuka. Furshi za namna hiyo ndizo zilizo mbele ya karibu pikipiki zote za Kivu leo. Lakini nyuma ya R12 hapakuwa na kitu. Dereva alipata nafuu, abiria wake akaendelea kugongwa.

Abiria alifikiriwa baadaye. Katika miaka ya 1950 ulienea mtindo wa mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma na kupanda na kushuka nalo, ukiwa na amortiseri mbili, moja kila upande. Kisha Mbelgiji mmoja, mhandisi Lucien Tilkens, akabuni njia nyingine: amortiseri moja tu, ndefu, iliyofichwa katikati ya fremu. Yamaha iliununua ubunifu huo, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akatwaa nao ubingwa wa dunia wa mbio za matopeni za sentimita za ujazo 250. Baadaye Yamaha ikauweka kwenye pikipiki za safari, zikiwemo za aina ya DT.

Aina zote mbili zilifika Afrika. Mashirika ya misaada yalitumia sana Yamaha DT 125 yenye amortiseri moja, na pia AG 100, iliyoundwa kwa ajili ya mashamba. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG 125, iliyofikiriwa kwa nchi ambako pikipiki inafanya kazi nyingi na inatunzwa kidogo. Nayo ilikuwa na amortiseri mbili nyuma, na viwanda vya China vikaiga sana umbo lake. Bajaj Boxer na TVS kutoka India, ambazo wamotari wengi wanaendesha, zimefuata mpango huo huo.

Kwa nini mbili zilishinda kwenye kazi ya taksi? Si kwa sababu zinalainisha njia zaidi. Kwa mawe na mashimo, amortiseri moja ya katikati ina nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, na dereva aliye peke yake hachoki haraka. Lakini inashika mkono wa nyuma mbali na gurudumu, kwa hiyo nguvu inayoifikia ni kubwa kuliko uzito wenyewe uliopakiwa. Ikifa, safari imekwisha. Zile mbili zinasimama karibu na gurudumu, chini kabisa ya mzigo. Zinafunguliwa kwa spana chache kando ya barabara, na bei yake ni ndogo.

Kwa hiyo muuguzi anayezunguka vijiji vya Masisi au Walikale peke yake na sanduku la chanjo anafaidika na ile moja. Motari wa abiria wawili na gunia anafaa kuchagua mbili.

Hata hivyo kuchagua aina ni nusu ya kazi. Wengi wakiona pikipiki inalala nyuma hutafuta springi ngumu zaidi, na mafuta wanayasahau. Hapo pikipiki inarudi mwaka 1913: inabeba, lakini inaruka. Kipimo hakihitaji pesa. Kandamiza kiti kwa nguvu kisha uachie. Kikipanda na kutulia, mafuta yapo. Kikiendelea kucheza, mafuta yamekwisha. Mabomba ya furshi yakiwa na unyevu wa mafuta, mipira ya kuzuia imechakaa. Amortiseri za nyuma zibadilishwe zote mbili pamoja, maana moja mpya na moja iliyokufa huvuta pikipiki upande. Pete iliyo kwenye springi, ambayo mara nyingi ina hatua tano, ipandishwe kabla ya kubeba watu wawili, na ishushwe dereva akibaki peke yake. Pete hiyo inainua kiti tu. Haiongezi uzito ambao pikipiki iliundwa kubeba.

Kwa familia zinazorudi vijijini na zile ambazo bado ziko mbali na makwao, kipimo hicho cha kiti kinaweza kufanywa na abiria pia kabla ya kupanda, hasa kama anayebebwa ni mama mjamzito au mgonjwa anayepelekwa kituo cha afya. Kinachukua muda mfupi kuliko kupatana bei.