Udalali wa mtandaoni: mkataba ulitoka wapi, na unambana nani?

Tangu nianze kuandika habari za tarakilishi kwa lugha yetu, swali moja halikomi kunifikia: je, naweza kupata pesa kwa kuweka viungo vya maduka ya mtandaoni? Wazungu huita biashara hii afilieti maketingi, lakini sisi tuna neno lake la zamani, udalali. Unamleta mteja, akinunua unapewa kamisheni, basi. Kila anayeniuliza hutaka kujua asilimia ngapi. Kuhusu mkataba, kimya. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na mkataba huu nausoma kama programu: kama jambo hili limetokea, fanya hivi, la sivyo usilipe. Na karibu kila sharti lililomo lina kisa chake.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1989, wavuti ukiwa bado haujafunguliwa kwa umma, Mmarekani William Tobin alianzisha duka la maua lililoitwa PC Flowers & Gifts ndani ya mtandao wa kulipia wa Prodigy. Badala ya kununua matangazo, aliilipa Prodigy fungu la kila mauzo. Mwaka 1994 duka la muziki la CDNow likaanza kulipa tovuti zilizoandika kuhusu albamu na kuweka kiungo cha kuzinunua. Julai 1996 Amazon, wakati huo duka la vitabu tu, ikafungulia umma mlango huo kupitia programu ya Associates. Hapo ndipo mtu wa kawaida mwenye ukurasa wake mdogo alipogeuka dalali wa kampuni kubwa.

Lakini kulikuwa na tatizo la kiufundi, na hapa naomba tutulie kidogo maana ndio moyo wa mambo. Seva ya wavuti haina kumbukumbu. Ukifungua ukurasa leo na mwingine kesho, seva haijui kwamba ni wewe yule yule. Duka litajuaje basi kwamba mnunuzi wa jioni aliletwa na dalali wa asubuhi? Jibu lilitoka kwa Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, aliyebuni kuki mwaka 1994. Kuki ni kijikaratasi ambacho duka hukiacha katika kivinjari chako. Ukibofya kiungo cha dalali, kijikaratasi kinaandikwa jina lake. Ukinunua, duka linakisoma na kujua nani wa kulipwa.

Kwa hiyo mkataba wa dalali wa mtandaoni, ukiuvua maneno ya wanasheria, ni mkataba kuhusu maisha ya kuki. Kwa Amazon ni saa 24. Msomaji wako akibofya Jumatatu saa mbili asubuhi, akaenda kuwaza, akarudi Jumatano mwenyewe kununua, huna chako. Akiiweka bidhaa kwenye kikapu ndani ya zile saa 24, unapewa muda zaidi: agizo likikamilika ndani ya siku 89, kamisheni ni yako. Kumbuka pia kwamba mara nyingi anayelipwa ni mwenye kiungo cha mwisho. Ukimshawishi mtu kwa makala ya kurasa tatu, kisha akabofya kiungo cha mwingine dakika moja kabla ya kulipa, jina lako linafutwa.

Sharti hilo ndilo lililozua kelele Desemba 2024. Mtengeneza video anayejulikana kama MegaLag aliituhumu Honey, programu-jalizi ya kutafuta vocha ambayo PayPal iliinunua kwa dola bilioni 4 hivi, kwamba ilikuwa ikiweka kuki yake juu ya kuki ya dalali mteja akifika kwenye malipo. Kesi zikafunguliwa Marekani, na PayPal ikajitetea kwamba inafuata kanuni za biashara hiyo, ikiwemo ya kiungo cha mwisho. Hapo ndipo panaponikera. Kanuni ipo kweli, na madalali wenyewe walikuwa wameikubali kwa kubofya.

Upande wa pili nao umewahi kuibiwa. Mwaka 2008 eBay iliwashtaki Shawn Hogan na Brian Dunning, waliokuwa madalali wake wawili wakubwa. Walikuwa wakipenyeza kuki za eBay katika vivinjari vya watu ambao hawakubofya chochote. Mtu akienda eBay kwa hiari yake siku nyingine, wao wanalipwa. Wote wawili walikiri kosa na kufungwa mwaka 2014, Hogan miezi 5 na Dunning miezi 15. Ukikutana na kifungu kinachoiruhusu kampuni kuzuia malipo yako hadi ikague mibofyo, usishangae kimetungwa na nani na kwa nini.

Sasa kifungu ninachokiona kibaya kuliko vyote: kampuni inaweza kubadilisha masharti wakati wowote, na ukiendelea kushiriki umekubali. Aprili 2020, watu wakiwa wamefungiwa nyumbani na kununua mtandaoni kwa wingi, Amazon ilishusha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka 5 hadi 1. Hakuna aliyevunja mkataba. Kadhalika na kufukuzwa. New York ilitunga sheria mwaka 2008 kwamba dalali aliye ndani ya jimbo anatosha kulifanya duka litoze kodi ya mauzo. Majimbo mengine yakaiga, nayo Amazon ikawa inawaacha madalali wa huko: North Carolina na Rhode Island mwaka 2009, kisha California Juni 2011, ambako watu wapatao 10,000 waliachwa kwa barua pepe. Wa California walirudishwa Septemba, baada ya wakubwa kuelewana.

Na sisi Wakenya? Angalia kwanza njia ya malipo, maana mikataba mingi imeandikwa kwa mtu mwenye benki Marekani. Ikiwa wanalipa kwa PayPal una nafuu, kwani tangu 2018 unaweza kuhamishia pesa M-Pesa. Kampuni za Marekani hukutaka ujaze fomu ya W-8BEN kuonyesha kwamba wewe si mlipakodi wa huko. Halafu kuna KRA. Sheria ya Fedha ya 2023 imeutaja udalali huu waziwazi miongoni mwa mapato ya maudhui ya kidijitali, na mkazi hukatwa asilimia 5. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha sheria hiyo Julai 2024, Mahakama ya Juu ikairejesha Oktoba mwaka huo huo. Kwa hivyo duka la hapa likikuahidi kamisheni ya shilingi 1,000, kitakachofika ni 950.