Mkono Usiokuwapo

Msomaji, kompyuta haina macho ya kukuona wala ngozi ya kuhisi joto la kidole chako. Ni jambo dogo kulitaja, lakini usipolishika hutaielewa habari ninayotaka kukusimulia. Unapokisukuma kipanya mezani na kubonyeza kitufe chake, programu iliyo mbele yako haipati mkono wako. Hupata habari tu za mkono wako. Kipanya huarifu kwamba kimesogea kiasi fulani na kwamba kitufe kimeshuka. Mfumo wa kompyuta hupokea taarifa hiyo na kuiweka katika foleni. Nayo programu huichukua zamu yake ifikapo, mfano wa karani apokeaye barua pasipo kumwona aliyeiandika. Basi kama barua yaweza kuandikwa na mwingine kwa jina lako, kubonyeza nako kwaweza kubuniwa pasipo mtu yeyote kubonyeza.

Vifaa hivi si vya jana. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi katika chuo cha MIT huko Marekani, alieleza programu yake iliyoitwa Sketchpad, ambayo mtu aliweza kuitumia kuchora juu ya skrini kwa kalamu ya nuru. Mwaka uliofuata Douglas Engelbart na mwenzake Bill English waliunda kipanya cha kwanza huko California: kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Mwaka 1965 Mwingereza E. A. Johnson aliandika habari za skrini iguswayo kwa kidole. Kalamu, kipanya na kidole vilizaliwa karibu pamoja kama ndugu wa nyumba moja, ingawa kidole kilikawia sana kuenea duniani.

Katika visa vyote vya mkono wa kubuni, nikipendacho zaidi ni cha mwaka 1983. Kampuni ya Apple ilikuwa ikiitayarisha kompyuta yake ya Macintosh, ambayo ilitolewa kwa watu tarehe 24 Januari 1984. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 128 tu, kiasi ambacho leo hakitoshi kuhifadhi picha moja nzuri ya simu. Katika nafasi hiyo finyu zilipaswa kukaa programu pamoja na kazi ya mwenye kuitumia, na nafasi ilipokwisha programu zilianguka. Kuyatafuta makosa ya namna hiyo kwa mikono ya watu ni kazi ya kuchosha. Tena mtu mwenye akili hubonyeza mahali penye maana, na kosa hupenda kujificha mahali ambapo mwenye akili hapiti.

Sasa, katika mfumo wa Macintosh palikuwa na njia ya kunasa mienendo ya kipanya na kibodi na kuirudisha baadaye, iliyotumika kwa maonyesho ya kumfundisha mnunuzi: kipanya kilitembea chenyewe naye akatazama. Mhandisi mmoja, Steve Capps, akaona kwamba kama njia hiyo yaweza kupitisha mienendo iliyonaswa, yaweza pia kupitisha mienendo isiyo na mpango wowote. Akaandika programu ndogo, akaiita Tumbili. Ulipoiwasha, ungedhani kwamba mnyama mwenye hasira amekalia kiti cha mwenye kompyuta: alibonyeza huku, akaburuta kule, akachapa herufi zisizo na maana, akafungua na kufunga, yote kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauiwezi. Yasemekana kumtazama kulikuwa burudani.

Lakini Tumbili alikuwa na ila moja. Kwa kuwa alibonyeza kila kitu, hakukawia kubonyeza amri ya kuifunga programu, na jaribio likaishia hapo. Bill Atkinson, aliyeandika programu ya kuchorea ya MacPaint, akashauri iwekwe alama katika kumbukumbu ya mfumo yenye maana ya kwamba Tumbili yu hai; programu ikiiona alama hiyo, iikatae amri ya kufunga. Hapo ndipo Tumbili alipopata nafasi ya kufanya kazi yake. Mwanzoni programu zilianguka mara kwa mara mbele yake. Wahandisi wakarekebisha kosa baada ya kosa, naye akaweza kufanya kazi usiku kucha.

Jina hilo halikufa. Watengenezaji wa programu za simu za Android wana chombo kiitwacho Monkey, yaani tumbili yuleyule, naye amefunzwa adabu. Kabla ya kuanza hupewa namba iitwayo mbegu. Ukimpa mbegu ileile, hurudia miguso ileile kwa mpangilio uleule. Faida yake ni kubwa, maana kosa usiloweza kulirudia ni shida kulitibu.

Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007, kubuni kuligeuka kuwa kazi ya kila siku. Kurasa za mtandao zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya kipanya, na watu sasa walizigusa kwa kidole. Ikabidi simu iuambie ukurasa uongo wa heri: kidole kilipogusa, ilitoa taarifa kwamba kipanya kimebonyezwa. Kwanza ilingoja karibu thuluthi moja ya sekunde, isije ikawa mtu anataka kugusa mara mbili ili kukuza maandishi. Kwa upande wa kompyuta, Windows 8 ya mwaka 2012 iliwapa waandishi wa programu njia rasmi ya kubuni miguso ya vidole, na baadaye Windows 10 ikaongeza kalamu. Kalamu ina mambo mengi kuliko kipanya: mbuni aweza kutaja hata nguvu ya mkandamizo, kutoka 0 hadi 1024, na mlalo wake kwa digrii.

Labda umekwisha kuuliza: je, mwizi naye? Ndiyo, msomaji. Kwa sababu hiyo Windows Vista, iliyouzwa kwa watu mwaka 2007, iliizuia programu yenye mamlaka madogo isitume mibonyezo kwa yenye mamlaka makubwa. Na swali la kuruhusu mabadiliko makubwa huulizwa katika skrini ya pekee ambayo programu za kawaida hazifiki.

Mtu aweza kusema mkono wa kubuni upigwe marufuku kabisa. Namwomba amfikirie Stephen Hawking, mwanasayansi aliyefariki mwaka 2018. Mikono yake ilikuwa imepooza. Kifaa kwenye miwani yake kilihisi msuli wa shavu ukicheza, na programu ikaugeuza mchezo huo kuwa herufi na mwendo wa kipanya. Kwa kompyuta yake, kila mbonyezo wa Hawking ulikuwa wa kubuni, nao ulikuwa wake kwa haki.

Kwa ajili ya watu kama hao, tangu mwaka 2016 Android huruhusu programu za usaidizi ziguse skrini kwa niaba ya mwenye simu, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe akubali. Walaghai wameuona mlango huo. Programu yao huja imevaa sura ya kitu cha kawaida, huomba ruhusa ya usaidizi, na ikiisha kuipata hufungua programu ya benki na kubonyeza kana kwamba ni mwenye akaunti. Ruhusa yenyewe mara nyingi hutolewa na mwenye simu, kwa kidole chake halisi.