Unataka kamu kali kwa ndai yako hapa Voi? Soma hii kabla hujatoa doh

Kila msee wa ndai hapa Voi anaijua hiyo sauti. Dinga imepaki kwa petroli steshoni kando ya barabara ya Mombasa, injini inarukaruka kama inataka kuzima, na madere wa boda wote wamegeuza shingo. Baada ya hapo lazima mtu ataulizia kwa grupu ya WhatsApp: kamu kama hiyo inauzwa ngapi?

Maze, bei sio swali la kwanza. Swali la kwanza ni gari yako inaishi kwa revu gani.

Kamshafti ni ile shafti yenye vinundu inayofungua na kufunga valvu. Inazunguka mara moja kila krenki ikizunguka mara mbili. Umbo la kinundu ndilo linaamua mambo mawili: valvu inafunguka kiasi gani (lifti, inapimwa kwa milimita) na inakaa wazi muda gani (durasheni, inapimwa kwa digrii za krenki). Ukiongeza durasheni, injini inapumua vizuri ikiwa juu, revu 6,000 na kupanda. Lakini kuna kitu unalipa. Valvu ya kuingiza hewa inachelewa kufunga, kwa hivyo ukiwa chini, pistoni ikipanda inasukuma sehemu ya hewa irudi ilikotoka. Nguvu haijaongezeka kila mahali, imehama tu ghorofa.

Sasa cheki maisha ya hapa. Ukiwa 100 kwa saa kwa gia ya mwisho, gari nyingi za aina hii ziko kati ya revu 2,500 na 3,500. Mbele yako kuna trela tatu zimefuatana, upande wa pili kuna basi linakuja, na una nafasi ndogo ya kupita. Hapo unahitaji injini inayovuta kutoka 3,000, saa hiyo hiyo. Kamu ya mashindano itakuambia ngoja kwanza nifike 4,500. Hizo sekunde mbili kwa hii barabara si mchezo, na usiku huku Tsavo unaweza kupata ndovu amesimama katikati ya lami.

Kwa katalogi za Wajapani kama HKS na Tomei utakutana na namba kama 256, 264, 272. Kwa injini ya lita 1.6 au 2.0 bila tabo, karibu 256 hadi 264 ndiyo ya mtu anayeenda job na gari yake. 272 inaanza kuwa ya msee anayejua anachotaka, na ako tayari kubadilisha vitu vingine. Ukifika 288 na kupita, hiyo ni ya saketi. Halafu usilinganishe namba za kampuni mbili hivi hivi tu. Kila mtengenezaji anaanza kuhesabu digrii valvu ikiwa imefunguka kiasi chake. Uliza durasheni kwa lifti ya milimita 1 kwa kila kamu, hapo ndio utajua nani mkubwa.

Tuchukue mifano. 4A-GE ya Toyota, ile ya valvu 16 na sisi 1,587, kamu zake za kiwanda ziko karibu digrii 240, kwa hivyo hata 256 utaiskia. Shida yake ni shimu zinazokaa juu ya bakuli la valvu: ukiweka lifti kubwa, kinundu kinaweza kuirusha shimu nje, na ikitoka hedi imeharibika. Lifti ikiwa kubwa, unahamia shimu za chini ya bakuli.

Altezza RS200 ni hadithi ingine. 3S-GE yake ya gia za mkono ilitoka kiwandani na PS 210 kwa revu 7,600, kompreshoni 11.5, na VVT-i kwa kamu zote mbili. Yaani Toyota walishakufanyia kazi kubwa. Ukiweka kamu ndefu na kompyuta bado inazisogeza vile ilizoea, valvu za kuingiza na za kutoa zitakuwa wazi pamoja kupita kiasi, na valvu inaweza kubusu pistoni. Hapo lazima programu ya kompyuta iandikwe upya na hiyo misogeo iwekewe mpaka.

Na sasa watu wa Subaru, najua mko hapa. Ile sauti ya bubububu mnayoipenda haitoki kwa kamu. Inatoka kwa hedaz za ekzosi ambazo urefu wake haulingani. Kama ni sauti unatafuta, usiguse kamu. EJ20 ya WRX ina kamshafti nne, kwa hivyo bili ni mara mbili, na belti ya taiming ikiwekwa vibaya valvu zinagongana zenyewe kwa zenyewe. Tena, na tabo ndogo ya kiwanda, presha ya ekzosi huwa juu kuliko ile inayoingia. Valvu zote zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu, moshi unarudi ndani. Kwa WRX kamu inakuja mwisho, baada ya ekzosi, mafuta, tyuning na tabo kubwa.

Kuna kitu wasee wa Nairobi hawawazi juu yake. Nairobi iko juu kama mita 1,700. Voi iko chini ya mita 600. Hewa ya huku ni nzito zaidi, na jua letu mnalijua. Gari iliyotyuniwa Nairobi ikiteremka huku inajaza silinda zaidi huku hewa ikiwa moto, na injini inaanza kugonga. Mwambie mtu wa tyuning kwamba unaishi chini, aache nafasi kwa taiming ya plagi. Na ukijazia petroli ya okteni ya juu wakati wa tyuning, basi hiyo ndiyo petroli yako sasa, hata mwisho wa mwezi.

Breki. Hapa ndipo naomba usikie. Busta ya breki inatumia mvuto wa hewa kutoka kwa manifoldi, na kamu kubwa inaupunguza injini ikiwa chini. Sasa jiweke unatoka Wundanyi unashuka Mwatate, kona juu ya kona, na wewe umeweka nyutro kama madere wengine wanaookoa mafuta. Ukikanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Shuka na gia, na kabla ya kununua muulize muuzaji mvuto unabaki kiasi gani injini ikiwa imetulia. Akikosa jibu, hepa.

Kuhusu doh: kamu pekee ni unga bila mboga. Weka hesabu ya springi za valvu, gia za kamu za kurekebisha, gaskiti, belti ya taiming na pampu ya maji (hedi ikiwa imefunguliwa, badilisha tu), halafu tyuning. Springi za zamani zikishindwa na kamu mpya, valvu inaelea kwa revu za juu na pistoni inaifikia.

Fundi mwingine atakuambia anaweza kukusagia kamu yako ya zamani. Inawezekana, kazi hiyo ipo duniani. Lakini kusaga kunapunguza duara la chini, kwa hivyo utahitaji shimu nene, na akipitisha ile ngozi ngumu ya juu, kinundu kitaliwa haraka. Kwa kamu za mtumba kutoka Japani, pitisha ukucha juu ya kila kinundu. Ukiskia vishimo, rudisha.

Siku ya kufunga, simama hapo. Fundi apime nafasi kati ya valvu na pistoni kwa udongo laini, azungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili mizima kabla ya kugusa stata, na apake grisi ya kufungia kwa kila kinundu. Ikiwaka, watengenezaji wengi wanataka ishikiliwe karibu revu 2,000 kwa dakika 20 badala ya kuachwa ingurume chini. Mwaga hiyo oili baadaye, na ukimaliza kilomita 1,000 rudi upimwe nafasi za valvu upya.