Vidole Vinne Juu ya Pasifiki

Siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 1978, Mmarekani Jay Prochnow alikuwa peke yake juu ya Bahari ya Pasifiki katika Cessna 188, ndege ndogo ya kunyunyizia dawa mashambani, akiipeleka Australia. Rubani mwenzake aliyeongozana naye alikwishaanguka majini wakati wa kuruka kutoka Pago Pago, akatoka salama. Prochnow akaendelea na safari kuelekea kisiwa cha Norfolk. Saa ya kukiona ilipofika, hakuona ila maji. Kifaa cha kumwelekeza kwenye kituo cha redio kilikuwa kibovu, na mafuta hayakuwa ya kumsubiri.

Ndege ya abiria ya Air New Zealand, DC-10 iliyotoka Fiji kwenda Auckland na abiria 88, ikaombwa kumtafuta. Bahati njema, rubani wake mkuu, Gordon Vette, aliwahi kusomea kuongoza safari kwa jua na nyota, elimu ambayo wengi walikuwa wameanza kuiona ya kizee.

Vette akamwambia Prochnow aelekeze pua ya ndege kwenye jua linaloshuka, asome dira. Nyuzi 274. Ya Vette ilisema 270, kwa hiyo Prochnow alikuwa kusini kwake. Kisha kila mmoja akanyoosha mkono mbele ya uso na kuhesabu vidole vinavyoenea kati ya jua na upeo wa macho. Prochnow alipata vinne, Vette viwili. Jioni, anayeliona jua likiwa juu zaidi ndiye aliye magharibi zaidi. DC-10 ikageuka kusini-magharibi.

Hesabu iliyofuata ndiyo inayonistaajabisha zaidi. Walipima muda jua lilipozama kwa Prochnow, wakaulinganisha na wa Norfolk: tofauti ilikuwa dakika 22 na nusu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo alikuwa nyuzi tano na nusu na ushei mashariki ya kisiwa. Kumbe hakuwa amekipita. Alikuwa bado zaidi ya kilomita 500 kukifikia!

Giza likaingia. Prochnow akaona taa baharini: ulikuwa Penrod, mtambo wa kuchimba mafuta uliokuwa ukivutwa kutoka New Zealand kwenda Singapore. Waliokuwa juu yake walijua hasa mahali walipo, na kutoka hapo njia ya Norfolk ikajulikana. Wapo wanaosema yote yalikuwa bahati. Mtambo ule ulikuwa bahati, sibishi. Lakini ni hesabu ya jua iliyowafanya wajue kwamba kisiwa kilikuwa bado mbele.

Prochnow alitua Norfolk akiwa amekaa angani saa 23 na dakika 5, katika safari iliyotarajiwa kuchukua saa 14 hivi.